Maswali ya Wasomaji: Kutangaza Habari Kwenye Mji Ambao Msikilizaji Alikuwepo

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwa watu wa redio za jamii: vyumba vya habari vyenye watu watatu au wanne, kompyuta moja, na taarifa ya habari mbili au tatu kwa siku. Tumechagua maswali yenye kitu cha kufanya kesho asubuhi. Lipo jambo moja ambalo mtalikuta chini ya majibu mengi. Redio ya taifa ikisema daraja limevunjika, msikilizaji anaamini. Redio ya mjini kwenu ikisema hivyo, msikilizaji ametoka kuvuka daraja hilo dakika 40 zilizopita.

Shikamooni wahariri. Tuko watatu. Taarifa yetu ya saa moja usiku ni ya dakika kumi. Siku nyingine inaisha mapema tunajaza muziki, siku nyingine inapitiliza na fundi mitambo anatukata hali ya hewa ikiwa haijasomwa. Tunakosea wapi?
*Mwandishi, Kigoma*

Marahaba. Hamjapiga hesabu kabla ya kuingia studio. Mpeni msomaji wenu ukurasa wa habari ya kawaida, asome kwa kasi yake ya hewani, kisha muone amefika neno la ngapi sekunde ya 60. Msitumie kipimo cha Waingereza cha maneno matatu kwa sekunde. Kiswahili kina maneno marefu: "hawakuwahi kuwasilisha" ni maneno mawili lakini ni silabi kumi. Wasomaji wengi huangukia kati ya maneno 100 na 120 kwa dakika. Tuchukue 110.

Dakika kumi ni sekunde 600. Toeni 30 za kionjo, yaani muziki mfupi wa kufungua na wa kufunga taarifa. Vichwa vya habari mwanzoni, 45. Kuvirudia mwishoni, 30. Hali ya hewa, 30. Zimebaki 465. Mkiwa na sauti nne za wahusika, sekunde 20 kila moja, zinaondoka 80. Za kusoma ni 385 tu, yaani dakika sita na sekunde 25, sawa na maneno kama 700. Hizo ni habari saba za maneno 100. Kama mezani zipo kumi na moja, kupitiliza kulishapangwa tangu saa kumi jioni.

Kila habari iwe kwenye karatasi yake, na kona ya juu iandikwe sekunde za kusoma na sekunde za sauti. Karatasi moja ikibeba habari mbili hamwezi kuitupa moja katikati ya taarifa. Msipige pini karatasi, zinanguruma kwenye maiki zikifunuliwa. Sentensi isivuke kwenda ukurasa wa pili.

Kisha hesabuni kutoka mwisho. Hali ya hewa sekunde 30, kurudia vichwa 30, kionjo 15: jumla 75. Kwa hiyo hali ya hewa inaanza dakika ya 8 na sekunde 45, hata mbingu zianguke. Andikeni "8:45" kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi hiyo. Ikifika 8:20 na bado kuna habari nzima, msomaji anairuka bila kuomba ruhusa, na mhariri awe ameshaweka alama ni ipi ya kuruka. Upande wa pili, wekeni habari mbili za akiba, moja ya sekunde 20 na nyingine ya 40, ambazo hazichachi: ratiba ya chanjo, siku ya mnada, ofisi itakayofungwa wiki ijayo.

Dakika nyingi pia huliwa na utangulizi unaosema kile kile ambacho mhusika anakwenda kusema. Msomaji: "Amesema choo cha shule kimejaa tangu Januari." Sauti: "Ni kweli choo kimejaa tangu Januari…" Hapo sekunde sita zimekwenda na mtu ameshabadili stesheni.

Habari zetu zote ni ziara za viongozi. Mkuu wa Wilaya asipotoka, hatuna taarifa. Tutoe wapi habari?
*Mhariri, Rukwa*

Kwenye shajara. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, gawanyeni kurasa kwa tarehe za mwaka mzima, na Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi mlifungue wote kwa dakika 20, mkiwa mmesimama. Mkikaa litakuwa kikao.

Baadhi ya tarehe zinajulikana tayari. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Baraza la madiwani linakutana kila robo mwaka na vikao vyake ni vya wazi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Vijiji visivyofanya mkutano huo ni habari kuliko vilivyofanya. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humfikia Rais mwishoni mwa Machi na huingia bungeni Aprili. Ripoti ya serikali za mitaa ina majedwali ya halmashauri moja moja. Redio kubwa zitasoma mabilioni ya taifa zima. Nyinyi tafuteni mstari wenye jina la halmashauri yenu, mkampigie mkurugenzi.

Tarehe zilizobaki mnazitengeneza wenyewe. Kila habari ikishasomwa, mhariri aulize: "Tunarudi lini?" Mhandisi akisema pampu itafungwa "ndani ya wiki mbili", mwandishi anafungua daftari wiki mbili mbele na kuandika: *pampu, mhandisi, alisema leo*. Baada ya miezi mitatu shajara inajaa ahadi za watu, na ziara ya Mkuu wa Wilaya inarudi kwenye nafasi yake, ambayo mara nyingi ni ya nne.

Bei za sokoni nazo ni habari, ila redio nyingi huzisoma vibaya hadi zinapoteza maana. "Mahindi gunia elfu themanini" ni gunia gani? La debe sita, au lumbesa lililovimba hadi debe saba? Ulizeni bei kwa debe au kwa kilo, kwa wauzaji wale wale watatu, saa ile ile, na kila mara mtaje kipimo. Siku ya mnada bei ya asubuhi na ya saa tisa mchana si moja, kwa hiyo saa nayo itajwe. Mkulima anayeamua auze leo au wiki ijayo anategemea sentensi hiyo moja.

Basi dogo lilipinduka saa kumi na mbili na robo jioni. Shuhuda alisema wamekufa saba, muuguzi akasema wanne, polisi simu hazipokelewi. Taarifa ilikuwa inaanza baada ya dakika 20. Tulitaja saba. Kesho yake tuliumbuka.
*Mwandishi wa kujitolea, Morogoro*

Wote wawili huenda walisema kweli. Shuhuda hahesabu maiti, anahesabu watu waliolala chini, na gizani aliyezimia na aliyefariki hawana tofauti. Muuguzi anahesabu waliofika kwake. Majeruhi wakigawanywa vituo viwili, ana nusu ya habari. Msichukue kubwa, msichukue ya katikati. Tajeni ile ya mtu aliyekuwa na namna ya kuhesabu, na mseme ni nani kwa kazi yake.

Dakika 20 zinatosha simu tano. Mkuu wa polisi wa wilaya; asipopokea, ofisi ya kamanda wa mkoa. Mganga mfawidhi wa kituo kilichopokea majeruhi. Mtendaji wa kijiji au kata husika. Dereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu. Wa tano ni shuhuda yule yule, safari hii kwa maswali mengine. Msimuulize "wamekufa wangapi?" Mwulizeni: "Umesimama wapi? Unaona nini sasa hivi? Uliwaona wangapi wakibebwa, na walibebwa na gari gani?" Atawaambia alichokiona, na atapunguza alichosikia.

Karatasi yenu ingesomeka hivi:

"Basi dogo la abiria limepinduka leo saa kumi na mbili na robo jioni kwenye kona ya darajani, likitokea mnadani kuja mjini. Mganga wa kituo cha afya amesema wamepokea miili minne na majeruhi kumi na mmoja. Polisi hawajatoa idadi. Barabara imefungwa na malori. Magari madogo yanapita njia ya shuleni."

Tumetaja basi lilikotoka na lilikokuwa likienda. Hiyo si pambo. Ukisema "basi limepinduka" tu, kila mwenye ndugu safarini anashika kichwa. Ukitaja njia, nyumba nyingi zinapumua, na zilizobaki zinajua pa kupiga simu. Majina ya waliofariki yangoje hadi familia ziambiwe, hata kama mnayo mkononi. Muuguzi aliyewadokeza bila kibali cha mkuu wake msimtaje kwa jina wala kwa wodi yake.

Tahadhari ya saa na siku. Taarifa ya polisi huandikwa "majira ya saa 20:30". Toeni kumi na nane, msome "saa mbili na nusu usiku", na "majira ya" itupeni kwa sababu haiongezi kitu. Makosa hutokea baada ya usiku wa manane: 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na tarehe ya karatasi imeshageuka. Tena "usiku wa Jumanne" ni mtego. Kwa wazee wengi, hasa wa pwani, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Jumanne ni ule uliotangulia mchana wa Jumanne. Wengine wanasikia ule unaofuata. Semeni "usiku wa kuamkia Jumanne" au "jana Jumanne, saa tatu usiku", hakuna atakayewaelewa vibaya.

Wawakilishi wetu wa kata wanatuma sauti kwa WhatsApp. Zinasikika kama mtu yuko ndani ya pipa. Hatuna fedha za vinasa sauti.
*Fundi mitambo, Mtwara*

Simu za mkononi zinatosha, tatizo ni njia. Voisi noti ya WhatsApp huminywa sana ili isile bando, na kinachotangulia kufa ni ncha za herufi kama *s* na *sh*. Mwakilishi arekodi kwa programu ya kinasa sauti iliyo ndani ya simu, kisha atume faili kupitia kitufe cha kuambatisha *hati*, si kama voisi noti. Hati haiminywi. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 1 kwa dakika, na la WAV la maiki moja, kilohezi 44.1 na biti 16, ni kama MB 5. MP3 inatosha kwa mahojiano ya dakika tatu.

Wafundisheni haya, kwa mpangilio huu. Kwanza simu iwekwe hali ya ndegeni: ikiita katikati, simu nyingi hukata kurekodi, na hata isipoita mawimbi yake huleta ule mlio wa *trrr-trrr-trrr* usiofutika kwa programu yoyote. Pili, maiki ya simu nyingi iko chini, pale pa kuchomekea chaji, kwa hiyo upande huo ndio uelekee mdomoni, umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo ili *p* na *b* zisipige maiki. Tatu, mahali. Chini ya bati mvua ikinyesha hakuna mahojiano. Ndani ya gari lililofungwa vioo ni studio nzuri kuliko ofisi yenye sakafu ya vigae. Upepo ukiwepo, upeni mgongo na mfunike simu kwa kitambaa chepesi. Nne, mhusika ajitambulishe ndani ya rekodi: jina lake kama anavyolitamka mwenyewe, na cheo. Majina ya ukoo yakisomwa vibaya mjini kwenu, ukoo mzima unapiga simu. Mwisho, wakishamaliza, warekodi sekunde 20 za kimya cha pale pale. Fundi atazihitaji kuziba pengo anapokata kikohozi.

Ukipokea, hifadhi faili la asili kabla ya kugusa chochote. Lipe jina lenye tarehe, kata na mhusika. Lipandishe hadi vilele, yaani pale sauti inapokuwa kubwa zaidi, viwe kati ya desibeli −12 na −6. Lililogonga sifuri wakati wa kurekodi limepasuka na halishoneki. Ukikata, kata kabla ya pumzi, si baada yake, la sivyo mzee wa watu atasikika kama anayekabwa.

Na wawakilishi hao warudishieni bando. Shilingi chache kila wiki, zenye siku maalumu. Mwakilishi anayetumia fedha yake hutuma habari wiki tatu, kisha hutuma salamu.

Mtoto wa miaka tisa alifanyiwa ukatili. Hatukutaja jina lake wala sauti yake haikusikika, lakini kabla ya saa nne usiku mtaa mzima ulishamjua. Tulifuata maadili yote. Nini kilitokea?
*Mhariri, Tabora*

Mlificha jina mkaacha ramani. Chukueni sentensi ya aina hii, ambayo redio nyingi huisoma bila kusita: "Mtoto wa kike wa miaka tisa, mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule ya msingi fulani, amefanyiwa ukatili na baba yake mdogo, fundi baiskeli, mkazi wa mtaa fulani." Shule inawabakiza watoto mia kadhaa. Darasa linawabakiza hamsini. Fundi baiskeli wa mtaa ule ni mmoja. "Baba mdogo" inamaliza kazi.

Kwa hiyo katika kesi za watoto chagueni kimoja: kutaja mtuhumiwa akishafikishwa mahakamani, bila kugusa uhusiano wake na mtoto, au kueleza kwamba ni ndugu wa karibu, bila jina la mtuhumiwa, kazi yake wala mtaa. Kamwe si vyote viwili. Hapo kuna mtego mwingine: redio ya jirani ikichagua cha kwanza na nyinyi cha pili, msikilizaji anayehamahama stesheni anaunganisha vipande. Mpigieni mhariri mwenzenu kabla ya taarifa mkubaliane njia moja. Haitakiwi barua, ni simu ya dakika mbili.

Badala ya mtaa semeni wilaya. Badala ya darasa semeni "mtoto". Sauti ya mtoto msiitumie hata kama imeshushwa au kupandishwa: inaweza kurudishwa ilivyokuwa, na majirani humjua mtu kwa namna anavyopanga maneno, si kwa wembamba wa sauti. Mama yake naye asisikike. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote chini ya miaka 18, kwa hiyo binti wa miaka 17 aliye sekondari anahusika sawa na huyu.

Nafasi mliyookoa jazeni kwa kinachosaidia nyumba nyingine yenye tatizo hilo usiku huo huo: mtoto afikishwe kituo cha afya mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na namba ya bure ya msaada kwa mtoto ni 116.

Tukienda kwenye warsha tunapewa "nauli" kwenye bahasha. Ofisi hainilipi mshahara. Mnasemaje?
*Mwandishi, hakutaka kutaja mkoa*

Dada (au kaka), kukuambia "usipokee" kisha tukakuacha na njaa ni mahubiri. Meneja wako ndiye wa kwanza kuulizwa, maana kituo kisicholipa nauli kimeshakubali nauli ilipwe na mtu mwingine.

Kinachowezekana hata bila fedha nyingi ni daftari la wazi mezani kwa mhariri: tarehe, shughuli, nani katoa, kiasi gani. Fedha inaingia ofisini, inatoka kwa utaratibu wa ofisi kama nauli ya yeyote atakayetumwa popote, hata kwenye habari isiyo na bahasha. Habari ya warsha inapimwa na mhariri ambaye hakwenda. Anauliza swali moja: kama wasingetoa kitu, ingesomwa? Waalikaji wakigundua kwamba sekunde hazibadiliki, wengine wataacha kutoa na wengine wataacha kualika. Mtajua nani alikuwa anataka habari.

Bahasha ya kutosoma habari haiandikwi daftarini. Inarudishwa, mbele ya shahidi.

Hamjambo. Mimi ni ripota wa redio ya kijamii hapa pwani ya Kenya. Kaunti ilichimba kisima, hakijatoa maji hata siku moja. Nikiuliza gharama naambiwa "tutakupigia". Nifanye nini?
*Ripota, Kilifi*

Acha kuuliza kwa mdomo. Kenya una Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu, na saa 48 ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Wakikaa kimya au wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile watu wanayoiita Ombudsman. Wenzako wa Tanzania nao wana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka huo huo wa 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30.

Barua nyingi hushindwa kwa sababu zinaomba "taarifa kuhusu mradi". Hiyo inajibiwa kwa aya mbili za sifa. Omba karatasi kwa majina yake: mkataba na mkandarasi, mchanganuo wa gharama, ripoti ya upimaji wa maji uliofanywa kabla ya kuchimba, cheti cha makabidhiano, na hati za malipo. Taja kijiji na mwaka wa fedha. Toa nakala mbili, moja igongwe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, nayo uihifadhi. Siku ya 22 nakala hiyo yenyewe ni habari: "Kaunti haijajibu barua ya redio hii iliyopokelewa tarehe fulani." Ripoti ya upimaji ndiyo ya kufukuzia. Kisima kikavu mara nyingi huanzia hapo: ama hakukupimwa, ama kilipimwa pengine kikachimbwa pengine.

Ukipeleka barua usiache kwenda kisimani. Uliza wanawake wanaoteka maji wanakwenda wapi sasa, wanatembea muda gani, na mtungi wa lita 20 ni shilingi ngapi.

Tulisoma jina la mtu aliyekamatwa kwa wizi wa mifugo. Yupo mwingine mjini mwenye majina mawili yale yale, ni mwalimu. Amekuja ofisini analia. Tumesahihisha vipi?
*Msomaji wa habari, Singida*

Mmeandika "tumesahihisha vipi", tunachukulia mnauliza *tusahihishe* vipi. Leo, taarifa ile ile, nafasi ile ile. Kama ilikuwa habari ya pili, masahihisho ni habari ya pili. Yakisomwa baada ya hali ya hewa ni kejeli. Msirudie shutuma kwa kirefu:

"Jana katika taarifa ya saa moja tulitaja jina la mtu aliyefikishwa polisi. Mtu huyo ana umri wa miaka 34, ni mkazi wa kata ya Majengo na ni mchinjaji. Siye mwalimu wa mjini hapa mwenye majina yanayofanana na yake. Mwalimu huyo hahusiki kwa namna yoyote. Tunamwomba radhi, yeye na familia yake."

Kabla ya kusoma, mwalimu asikilizishwe maneno hayo, maana huenda asitake hata kazi yake itajwe. Rekodi ya taarifa ya kwanza msiifute, lalamiko likifika mbele ndiyo ushahidi wenu. Kilichopakiwa mtandaoni kiondolewe au kirekebishwe siku hiyo hiyo. Na kuanzia kesho mtuhumiwa anatajwa kwa majina matatu, umri, kata na kazi, au hatajwi.

Kwa haraka: trei za mayai ukutani zinasaidia sauti ya studio?
*Mwanafunzi, Zanzibar*

Kidogo mno, na zinashika moto upesi. Tundika mablanketi mazito, yakiachwa sentimita tano kutoka ukutani, nyuma ya msomaji na mbele yake. Zulia chini. Utasikia tofauti kabla hujamaliza kupiga misumari.

Umeme hukatika katikati ya taarifa. Tuna UPS (kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650. Inazima baada ya muda mfupi, tunaambiwa ni mbovu.
*Fundi, Geita*

Huenda ni nzima. Ndani ya UPS ya ukubwa huo kwa kawaida kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Kompyuta ya mezani, skrini na mikseri vikila wati 150, kwa karatasi ni dakika 34. Lakini betri ikinyonywa kwa kasi hiyo haitoi yote, na kibadilishi (inverter) hula chake, kwa hiyo tegemeeni dakika 10 hadi 15 betri ikiwa mpya. Ikipita miaka mitatu, dakika hizo hupungua tena. Toeni skrini ya pili na printa kwenye UPS, hasa printa ya leza, hiyo peke yake inaweza kuizima. Kompyuta ya mapajani kwa ajili ya sauti za taarifa ni bora zaidi kwa sababu ina betri yake. Mtambo wa kurushia matangazo uwe na betri zake tofauti.

Karatasi zichapishwe hata kama mnasoma kwenye skrini, na tochi ikae droo ya studio, si mfukoni kwa mlinzi. Mkirudi hewani msianze na "Karibuni tena, tulipata hitilafu iliyo nje ya uwezo wetu". Msomaji arudie sentensi ya kwanza ya habari iliyokatwa, aendelee, na karatasi yenye "8:45" ibaki pale pale.